Mwili Wako, Siku Yako na Ukoo Wako: Namna Mkristo Anavyokua

Masomo ya kusoma nyumbani: 1 Wafalme 19:1-8, Marko 1:35 na 6:31, Mwanzo 27, 37 na 45, Yohana 9:1-3.

Mumsomee pia jirani asiyejua kusoma.

Wapendwa, katika chumba cha maombi watu wanatujia na maneno ya namna tatu. Wa kwanza anasema, "Nimechoka, hata kuomba siwezi tena." Wa pili anasema, "Ninaanza vizuri, lakini sidumu." Wa tatu anasema kwa sauti ya chini, "Kwetu kuna kitu kinachotufuata, tangu kwa babu." Miaka mingi sisi wachungaji tuliwapa wote watatu jibu moja: funga siku tatu, kesha, tutavunja. Kufunga ni kwema, nasi tunafunga. Lakini tumejifunza, tena kwa machozi, kwamba mmoja wao alihitaji usingizi, mwingine alihitaji utaratibu, na wa tatu alihitaji kwenda kuketi karibu na wazee wake na kuuliza. Leo tunafundisha mambo hayo matatu.

1. MWILI: MALAIKA ALIANZA NA MKATE

Eliya alikuwa nabii mkubwa. Aliomba na moto ukashuka mlimani Karmeli. Baada ya hapo, mwanamke mmoja alimtisha, naye akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwue. Kama angekuja kwetu siku hiyo, pengine tungemwambia ana pepo wa mauti.

Angalieni Mungu alifanya nini. Hakumkemea, wala hakumhubiri. Eliya alilala. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili: kula, maana safari ni ndefu. Ndipo akatembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, na huko akasikia sauti ya Mungu. Sauti ilikuja baada ya chakula na usingizi. Yesu naye, katika Marko 6:31, aliwaona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, akawaita wakapumzike kando.

Sasa tujiangalie. Mama wa Kama anaamka kabla ya jogoo. Anakwenda shamba, anarudi na mzigo wa kuni na mihogo mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Anatwanga sombe, anapika, anaogesha watoto. Jioni ni mazoezi ya kwaya, usiku ni kesha. Siku ya Mungu anasinzia katika mahubiri, nasi tunasema ni pepo wa usingizi. Hapana, wapendwa. Ni mwili, na mwili ule ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Hekalu likivuja, tunatengeneza paa, hatulipigii kelele.

Na baba anayechimba dhahabu au kasiteriti anashinda ndani ya shimo, miguu majini, tumbo tupu. Akitoka, anatafuta kikombe cha lutuku ili asisikie maumivu. Tunamhubiri aache lutuku, na tunahubiri haki. Lakini mwenye njaa na uchovu akiacha kikombe bila kupata chakula, usingizi na rafiki wa kuongea naye, mara nyingi atakirudia.

Kwa hiyo tunawaomba mambo haya rahisi. Laleni chini ya chandarua, wote, kila usiku, kwa sababu malaria inaua watoto wetu. Chemsheni maji ya kunywa. Mwenye homa aende kituo cha afya siku ile ile, tutamwombea njiani na tutamwombea huko. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, mwenye kisukari, na kila anayekunywa dawa za kila siku, asifunge chakula bila kumwuliza mganga wa kituo, na dawa asiache. Anaweza kufunga maneno, kufunga hasira, kufunga masengenyo. Funga hiyo ni ngumu kuliko ya chakula, na Mungu anaiona.

2. SIKU: NJIA INAYOPITWA HAIFUNGWI NA PORI

Ninyi nyote mnajua njia ya shamba. Ikipitwa kila siku inabaki wazi, hata mtoto anaifuata. Iacheni msimu mmoja wa mvua, pori linaifunga, na mtu mwenye panga anatoka jasho kuifungua tena. Maisha ya ndani ni vile vile. Wengi wetu tunaacha njia miezi sita, halafu tunataka kuifungua kwa kesha moja kubwa.

Danieli alikuwa na kazi nyingi serikalini, lakini aliomba mara tatu kwa siku, dirisha likielekea Yerusalemu, kama ilivyokuwa desturi yake (Danieli 6:10). Siku ya hatari haikumfundisha kuomba, ilimkuta njiani. Yesu naye aliamka mapema sana, kungali giza, akaenda mahali pasipo watu (Marko 1:35). Musa alipojichosha kwa kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, baba mkwe wake Yethro alimwambia wazi kwamba jambo lile si jema, atazimia yeye na watu wake, basi agawe kazi (Kutoka 18). Musa alimsikiliza mkwe wake. Hiyo nayo ni hali ya kiroho.

Huhitaji saa ya mkononi. Jogoo, jua na redio vinatosha. Tunawapa mfano wa siku, kila nyumba itengeneze wake:

Asubuhi, kabla ya kushika jembe au simu, dakika kumi za kimya: shukrani, mistari michache ya Neno, ombi moja. Kumi za kila siku zinakuza mtu kuliko saa tatu za mara moja kwa mwezi.

Kabla ya kazi, kula kitu, hata kama ni kiporo cha jana. Mchana, simama kidogo kivulini, unywe maji.

Jioni, watu wa nyumba wale pamoja, na kila mmoja, hata mtoto mdogo, aseme jambo moja jema na jambo moja gumu la siku ile. Baba asikilize bila kukemea.

Kabla ya kulala, mume na mke wasiache jua lichwe na uchungu bado wauchukua. Yaombewe, kisha kulala. Na siku moja katika juma iwe ya kupumzika kweli. Anayeshindwa kupumzika hata siku moja anadhani dunia inashikiliwa na mikono yake.

3. UKOO: MBUZI WA YAKOBO

Hapa tuende polepole, kwa maana hapa ndipo tumeumizana.

Someni Mwanzo kama historia ya familia moja. Ibrahimu aliogopa, akasema mke wake ni dada yake. Alifanya hivyo Misri, akarudia Gerari. Isaka mwanawe alifika Gerari, akasema uongo ule ule juu ya Rebeka. Yakobo, mwana wa Isaka, alivaa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni ili amdanganye baba yake kipofu. Miaka ikapita. Wana wa Yakobo wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu ya Yusufu katika damu, wakamdanganya baba yao. Aliyedanganya kwa mbuzi alidanganywa kwa mbuzi. Vizazi vinne, jambo moja.

Lilikatika wapi? Yuda, yule aliyetoa shauri la kumwuza ndugu yake, alisimama akasema nichukueni mimi mahali pa mdogo wangu (Mwanzo 44). Na Yusufu akawatoa watu wote nje, akalia kwa sauti, akawaambia ndugu zake yeye ni nani na walimfanyia nini, kisha akawasamehe. Mnyororo wa uongo ulikatwa na ukweli uliosemwa ndani ya familia. Hakuna aliyetafuta mchawi.

Sasa tunaungama mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita waliletwa kwetu baba na mama na mtoto wao wa kiume. Walikuwa wamekwisha kuzika watoto wawili. Mtoto huyu alilia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yake yalikuwa ya manjano, na alipokuwa mchanga mikono na miguu yake ilivimba. Tuliomba. Na katika maombi yale, mmoja wetu akasema kuna mkono wa mama mzee, mama wa baba yake mtoto. Wengine tukasema amina. Hatukusimama kupima neno, kama 1 Wathesalonike 5:21 inavyotuagiza. Mama mzee aliondolewa nyumbani, akaenda kukaa peke yake katika kibanda cha shambani. Mtoto akaendelea kuumwa.

Baadaye mganga mmoja alishauri damu ipimwe. Ilikuwa ugonjwa wa chembe za damu zilizopinda kama mundu, ule ambao wengi wanauita SS. Tukaenda sisi wazee wa kanisa katika kile kibanda, tukapiga magoti, tukaomba msamaha. Mama yule akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mlisema juu yangu, lakini hamkuniuliza mimi. Ndugu zangu wawili walikufa hivyo hivyo, tulikuwa wadogo. Macho ya manjano, mifupa. Ningewaambia."

Wapendwa, maneno yale hayajatuacha. Yule tuliyemfukuza ndiye aliyekuwa ameshika habari ambayo ingemsaidia mtoto mapema. Tulipomnyamazisha mzee, tulinyamazisha historia ya ukoo.

Tueleze ugonjwa huu, kwa sababu uko mwingi katika nchi yetu. Kila mtu anapokea alama mbili za damu, moja kwa baba, moja kwa mama. Aliyepokea A na A hana ugonjwa. Aliyepokea A na S ni mzima, kwa kawaida hajui kitu, lakini anaibeba. Aliyepokea S na S ndiye mgonjwa. Baba AS na mama AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS, mbili katika nne ya kuwa AS, na moja katika nne ya kuwa AA. Basi habari ile ilitoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama pia. Hakuna wa kushitakiwa. Tena, waganga wamegundua kwamba aliye AS analindwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu alama hii ilienea kwa watu wa nchi za mbu kama sisi. Kitu kile kile kilichowalinda babu zetu kinaweza kumwumiza mjukuu. Hiyo si laana.

Mtoto wa SS anaweza kuishi na kukua. Anywe maji mengi, asikae katika baridi, alale chini ya chandarua, apate chanjo zote, na akipata homa au maumivu makali apelekwe kwa mganga bila kuchelewa. Na ninyi vijana mnaopanga ndoa: muulizane habari za ukoo, na mkipata nafasi mpimwe damu kabla ya kutoa mahari. Kupima si kukosa imani.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu alikataa swali lenyewe, akaenda kwenye kazi ya kuponya (Yohana 9). Na Ezekieli sura ya 18 inasema wazi kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake. Dhambi ya babu si dhambi yako. Lakini jeraha la babu linaweza kukufikia, na desturi yake, na ugonjwa wake. Hayo yanahitaji kujulikana.

Kuhusu watoto, sheria nayo imesema. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu ya gerezani. Katika kanisa hili hakuna atakayemtaja mtoto wala mzee kuwa mchawi. Ukisikia mmoja wetu anafanya hivyo, mzuie, hata kama ni mchungaji.

4. YALIYOPITA JUU YA WAZEE WETU

Kuna mambo ambayo hayakuanza nyumbani kwako. Maniema yetu imebeba mengi. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba, wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwapiga risasi watu wa soko, wengi wao wanawake; mamia walikufa, wengine walizama mtoni. Livingstone alikuwepo, akaandika. Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake. Kuanzia 1892 mpaka 1894 ikawa vita kati ya Waarabu na watu wa mfalme Leopold, na babu zetu walipigana pande zote mbili. Hata Kiswahili hiki tunachomsifia Mungu kilifika kwetu pamoja na misafara ile. Walikusudia faida yao, Mungu akaigeuza kuwa lugha ya Injili, kama Yusufu alivyosema katika Mwanzo 50:20.

Halafu zikaja kampuni. Symetain ilianzishwa mwaka 1932 kwa ajili ya kasiteriti ya Kalima, na wanaume wakaachishwa mashamba kwenda machimbo. Mwaka 1976 kampuni ziliunganishwa kuwa Sominki. Oktoba 1985 bei ya kasiteriti ikaanguka duniani kote, na miaka iliyofuata akina baba wengi waliozoea mshahara, nyumba ya kampuni na hospitali walibaki mikono mitupu. Kabla ya hapo kulikuwa na vita vya Simba mwaka 1964, na baadaye vita vya 1996 mpaka 2003, watu wakilala porini, wakizika bila kulia.

Sasa mfikirie baba yako aliyekuwa mkali, asiyesema neno, aliyekunywa. Alizaliwa mwaka gani? Aliona nini akiwa na miaka kumi? Nani alimfundisha kulia? Maswali haya hayaondoi kosa lake. Lakini yanaweza kukutoa katika chuki, na kukuonyesha kwamba mkono unaoinuka kumpiga mwanao ni wa zamani kuliko wewe. Ukiujua, unaweza kuushusha.

5. JE, HUKU SI KURUDI KWA MIZIMU?

Wengine watauliza: tukianza kuuliza habari za mababu, si tunarudi katika bwami na mambo ya kale? Swali ni zuri. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuomba wafu, nasi hatuombi wafu. Lakini Zaburi ya 78 inaagiza baba wawasimulie watoto, na Yoshua 4 inasema mtoto akiuliza mawe haya ni nini, ajibiwe. Mathayo anaanza Injili kwa orodha ya ukoo, na ndani yake hakuwaficha Tamari, Rahabu, Ruthu wala mke wa Uria. Ukoo wa Mwokozi una aibu ndani yake, na Mungu aliiandika. Tunawauliza wazee walio hai, hatuwaamshi waliolala.

6. KAZI YA JUMA HILI

Nunueni kaye moja. Mwende kwa mzee wa ukoo, mmempelekea mchele kidogo na mawese. Msiende mikono mitupu. Msimkatize. Ukurasa wa kwanza andikeni majina: wazazi, babu na nyanya wa pande zote mbili, wako au wa mwenzako, na watoto waliokufa pia, maana nao walikuwa watu. Ukurasa wa pili: magonjwa, na umri wa kila aliyekufa. Ukurasa wa tatu: majeraha, yaani vita, kukimbia, pombe, ugomvi wa shamba, ndoa zilizovunjika. Ukurasa wa nne: mema. Nani aliomba? Nani alikuwa fundi, mkunga, mpatanishi? Paulo alimkumbusha Timotheo imani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Baraka nazo zinafuata ukoo, nasi tumesahau kuzihesabu.

Kisha chagueni jambo moja tu la kuendeleza na jambo moja tu la kukomesha. Mliweke katika maombi ya zile dakika kumi za asubuhi.

Mama mzee tuliyemkosea alirudi nyumbani. Mjukuu wake anakunywa maji mengi, naye ndiye anayemkumbusha.

TUOMBE: Bwana, utusamehe pale tuliposema kabla ya kuuliza. Utupe usingizi wa wapendwa wako. Utufundishe kuzihesabu siku zetu. Utupe ujasiri wa kusikia habari za nyumba zetu, na neema ya kutorudia yaliyotuumiza. Wazee waliofukuzwa, uwarudishe mezani. Katika jina la Yesu, amina.

Mungu awabariki. Juma lijalo, mkileta kaye, tutaomba juu yake pamoja.